Upungufu wa G6PD na dawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu walioambiwa hospitalini kuwa damu yao ina upungufu wa G6PD wakaondoka na karatasi isiyo na maelezo, au waliomeza dawa ya kawaida kabisa wakaona mkojo umegeuka rangi. Majibu hayalingani urefu. Kama dalili ziko mwilini mwako sasa hivi, au mtoto wako mchanga amekuwa wa njano, usianze kusoma: nenda kituo cha afya kwanza.

G6PD ni kitu gani?

Ni kimeng'enya kilichomo ndani ya seli za mwili. Jina lake kamili ni glukosi-6-fosfeti dihidrojinesi, na hata watu wa maabara hawajisumbui kulitamka. Umuhimu wake unaonekana zaidi kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizi hubeba oksijeni usiku na mchana, na oksijeni hiyohiyo huacha mabaki makali yanayoharibu himoglobini na utando wa chembe. Kinachoyazima mabaki hayo ni glutathioni, na glutathioni ikishatumika lazima ihuishwe kwa msaada wa kemikali nyingine ya mwilini iitwayo NADPH ndipo ifanye kazi tena. Seli nyingine zina njia zaidi ya moja ya kupata NADPH. Chembe nyekundu ina njia moja tu, na hatua ya kwanza ya njia hiyo inafanywa na G6PD.

Ongeza suala la umri. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi na haina kiini, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Inatumia kile ilichotoka nacho kwenye uboho wa mfupa mpaka mwisho wake. Kwa mtu mwenye aina ya upungufu iliyoenea zaidi Afrika, iitwayo A-, chembe changa bado zina kiasi cha kuridhisha. Zilizozeeka ndizo zilizoishiwa. Likumbuke hilo utakapofika kwenye swali la kipimo.

Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?

Kwa walio wengi, hapana. Zipo aina chache zinazomfanya mtu aishi na upungufu wa damu wa kudumu hata asipomeza chochote, na hizo ni za nadra kwelikweli. Waliobaki huzaliwa, hucheza mpira, huzaa na kuzeeka bila kujua. Shida hutokea pale damu inapokutana na kichokozi: dawa fulani, chakula kimoja, au maambukizi makali. Hapo chembe hupasuka kwa wingi ndani ya siku chache.

Mbona daktari aliiita hali isiyo ya kawaida, na mtandaoni nimesoma kuwa ni ya mamilioni?

Wote wako sahihi kwa namna yao. Duniani wanakadiriwa kufikia zaidi ya watu milioni 400, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliweka wastani wa nchi zenye malaria kwenye 8%. Afrika kusini mwa Sahara na Rasi ya Arabuni ndizo zinazoongoza. Kisichokuwa cha kawaida ni mtu kupimwa. Daktari wa wilayani anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuandika neno G6PD kwenye faili hata moja, na wakati huohuo akawa amewatibu wenye hali hiyo kila wiki.

Wenye ndugu Oman wazingatie jambo moja. Aina ya A- ndiyo ya kwetu, lakini Oman na nchi za jirani zake ina nguvu aina nyingine iitwayo ya Mediterania, ambayo huacha kimeng'enya kidogo zaidi na kuleta mapigo makali zaidi. Katika ukoo uliotawanyika kati ya Unguja, Mombasa na Maskati zote mbili zinaweza kuwepo, kwa hiyo "shangazi alimeza dawa hiyohiyo na hakupata kitu" si hoja ya kutegemea.

Iligunduliwaje?

Kwa kufuatilia madhara ya dawa ya malaria, na njia yenyewe haikuwa safi.

Katika miaka ya 1920 wanakemia wa Ujerumani walitengeneza pamakwini. Punde si punde ikaonekana kuwa baadhi ya waliopewa walipoteza damu ghafla, mkojo ukawa mweusi, na hakuna aliyejua kwa nini wao na si wenzao. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Marekani ilitaka dawa mpya za malaria kwa haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Alf Alving, walizijaribu kwa wafungwa wa gereza la Stateville katika jimbo la Illinois. Wafungwa waliambukizwa malaria kwa makusudi, kisha wakapewa dawa. Walitia saini kukubali, lakini saini ya mtu aliye gerezani ina uzito gani? Kwenye kesi ya madaktari wa Kinazi kule Nuremberg, upande wa utetezi uliitaja Stateville kama mfano wa kwamba hata Wamarekani hufanya hivyo. Majaribio ya gerezani humo yaliendelea hadi miaka ya 1970.

Humo ndimo ilimojaribiwa primakwini, nduguye pamakwini, na humo ndimo lilimoulizwa swali zuri kuliko yote katika habari hii: kasoro iko kwenye mwili wa mtu, au iko ndani ya chembe zenyewe? Mwaka 1954 watafiti walichukua damu ya mtu aliyedhuriwa na primakwini, wakaitia alama ya kromiamu yenye mnunurisho, wakamwongezea mtu ambaye dawa haimdhuru. Kisha wakampa huyo wa pili primakwini. Chembe za kuazimwa zilikufa. Zake zikabaki salama. Walipogeuza, chembe za mtu salama zilinusurika hata ndani ya mwili wa aliyedhurika. Kasoro ilikuwa ndani ya chembe. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake wakakitaja kimeng'enya chenyewe.

Mimi naona jaribio lile la kubadilishana damu ndilo lililozaa fani nzima ya kuchunguza jinsi urithi wa mtu unavyoamua dawa itamfanyia nini. Kabla yake, aliyedhurika aliambiwa tu ana "mwili dhaifu".

Je, kuna dawa iliyowahi kuondolewa sokoni kwa sababu ya G6PD?

Ndiyo, na ilitengenezwa kwa ajili yetu. Iliitwa Lapdap: mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni, ya siku tatu, ya bei nafuu, iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya dawa zilizoshindwa na malaria sugu Afrika. Iliidhinishwa Uingereza mwaka 2003. Nyuma yake kulikuwa na kampuni kubwa ya dawa, Shirika la Afya Duniani, fedha za serikali ya Uingereza na vyuo vikuu. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ilikofanyiwa kazi kwa miaka mingi.

Dapsoni inajulikana tangu zamani kwa kupasua chembe za wenye upungufu. Waliitengeneza wakijua. Matumaini yao yalikuwa kwamba siku tatu ni chache mno kuleta balaa, na majaribio ya awali yalionekana kuwapa haki. Mambo yakabadilika ilipojaribiwa dawa iliyoifuatia, iliyoongezewa artesuneti, dawa nyingine ya malaria. Safari hii waliopimwa G6PD walitazamwa kama kundi lao, na kushuka kwa himoglobini kukaonekana wazi. Wengine walihitaji kuongezewa damu. Mwaka 2008 Lapdap ikaondolewa na ile ya pili ikasimamishwa kabla ya kufika sokoni.

Kilichowaficha wagonjwa hao mwanzoni ni wastani. Ukichukua watoto 100 wenye malaria, wote himoglobini yao hushuka kidogo, kisha hupanda. Kama 10 kati yao wameporomoka vibaya, wastani wa wote 100 husogea kidogo tu, na ripoti husomeka vizuri. Ukiona utafiti wa dawa umeandika "ilivumilika vizuri kwa ujumla", uliza kama kuna jedwali linalowatenga wenye upungufu.

Basi nipe orodha ya dawa za kuepuka.

Orodha fupi ya zile ambazo ushahidi wake hauna utata: dapsoni, primakwini kwa dozi za kila siku, tafenokwini, metilini bluu, rasburikasi na peglotikasi. Nitrofurantoini, inayotumika kwa maambukizi ya njia ya mkojo, iko karibu nazo na inahitaji uangalifu. Rasburikasi wengi hawajawahi kuisikia, lakini hutolewa kwa watoto wanaoanza matibabu ya saratani za damu na limfoma, kwa hiyo mzazi aliye kwenye wodi hiyo aulize kipimo cha G6PD kabla.

Zile orodha ndefu zinazosambazwa WhatsApp, zenye dawa 80 au 100, mimi siziamini. Nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye visa vya zamani ambapo mgonjwa alikuwa na homa kali, akapewa dawa, damu ikapasuka, na dawa ikalaumiwa. Maambukizi yenyewe, kama nimonia, homa ya matumbo au homa ya ini, hupasua chembe za mwenye upungufu bila msaada wa dawa yoyote. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulipitia visa hivyo upya, na dawa nyingi zilizoogopwa kwa miongo zikahamishiwa kwenye kundi la hatari ndogo au isiyokuwepo kwa dozi za kawaida.

Kuna madhara ya kuogopa kupita kiasi. Mtoto mwenye maambukizi makali akinyimwa antibiotiki inayofaa kwa sababu ya orodha ya WhatsApp, hayo maambukizi ndiyo yatakayoipasua damu yake.

Panadol je?

Kwa dozi ya kawaida, haina tatizo.

Natumia Septrin kila siku kwa sababu ya VVU. Niache?

Usiache peke yako. Septrin ilikuwa kwenye orodha nyingi za zamani kwa sababu ni ya jamii ya salfa, lakini kwenye mwongozo huo wa 2022 iko upande wa hatari ndogo kwa dozi za kawaida. Mwambie mhudumu wa kliniki yako kuhusu G6PD, na yeye aliandike. Mahali pa kuwa macho ni pale utakapotaka kubadilishiwa kwa sababu Septrin imekuletea vipele: mbadala unaotumika mara nyingi ni dapsoni, na hiyo ndiyo iliyo kwenye orodha fupi. Usikubali mabadiliko hayo bila kutaja G6PD.

Na dawa za malaria? Nikiugua nitatibiwa na nini?

Dawa mseto ya kawaida, yaani artemetha na lumefantrini, haina shida na G6PD. Hata artesuneti ya sindano kwa malaria kali hutolewa bila kusubiri kipimo hiki. Kuna upotevu wa damu unaoweza kutokea wiki moja hadi tatu baada ya artesuneti, lakini sababu yake ni nyingine na huwapata hata wenye G6PD kamili.

Mjadala uko kwenye primakwini, na hapa dozi ndiyo habari yenyewe. Dawa hii hutumika kwa kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuua vimelea ambavyo mbu angevinyonya kutoka kwako na kumpelekea jirani. Kwa kazi hiyo dozi moja tu inatosha. Zamani dozi hiyo ilikuwa miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likaishusha hadi 0.25 na kusema inaweza kutolewa bila kupima G6PD. Wengi walishtuka. Tafiti zilizofuata, ukiwemo uliofanyika Bagamoyo, ziliwapa dozi hiyo ndogo pamoja na dawa mseto watu wenye upungufu na wasio nao, na haikuleta maafa yaliyohofiwa.

Kazi ya pili ni kung'oa vimelea vya vivaksi vilivyojificha kwenye ini. Aina hiyo ya malaria ni ndogo kwetu lakini ni kubwa Ethiopia, Asia Kusini na Amerika Kusini, kwa hiyo msafiri au mwanafunzi aliyerudi India anaweza kuja nayo. Hapo primakwini humezwa kila siku kwa siku 14, na mwenye upungufu anaweza kudhurika. Kwake yeye hushauriwa dozi ya mara moja kwa wiki kwa wiki 8, chini ya uangalizi, ili uboho upate nafasi ya kutoa chembe changa kati ya dozi moja na nyingine. Dawa ileile, mtu yuleyule. Kilichobadilika ni ratiba.

Tafenokwini si ndiyo imeleta suluhisho? Nasikia ni dozi moja.

Ni dozi moja, imeidhinishwa Marekani tangu 2018, na kwa mwenye G6PD kamili ni nafuu kubwa. Lakini inakaa mwilini: nusu yake hubaki baada ya wiki mbili hivi. Primakwini ikianza kukudhuru unaweza kuiacha na kesho yake imeshapungua sana. Tafenokwini ukishaimeza, hakuna cha kuacha. Ndiyo maana haitolewi bila kipimo kinachoonyesha kimeng'enya zaidi ya 70% ya kawaida.

Kipimo kinafanywaje?

Kipo cha zamani ambacho bado ni kizuri kukitazama. Tone la damu huchanganywa na kemikali kwenye kichupa. Baada ya dakika chache mtaalamu hudondoshea kidogo kwenye karatasi ya kuchujia, hurudia baada ya dakika nyingine, mpaka karatasi iwe na safu ya madoa. Ikikauka, huwekwa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, chumba kikiwa giza. Doa la kwanza huwa jeusi kwa kila mtu. Kwa mwenye kimeng'enya cha kutosha madoa yanayofuata huanza kung'aa rangi ya samawati. Kwa mwenye upungufu safu nzima hubaki nyeusi. Kinachong'aa ni NADPH, ileile inayoihuisha glutathioni.

Tatizo la kipimo hicho ni kwamba jibu lake ni "unacho" au "huna". Vipo pia vipimo vya kijiti, kama vile vya malaria, navyo husema hivyohivyo. Kwa wanaume hiyo inatosha mara nyingi, kwa wanawake haitoshi, na sababu iko kwenye swali linalofuata.

Kipimo cha kiasi hutoa namba. Zamani kilihitaji mashine kubwa ya hospitali ya rufaa. Sasa kuna kifaa cha mkononi kinachotumia mikrolita 10 za damu ya kidoleni na kutoa jibu baada ya dakika 2, kikionyesha himoglobini pamoja na G6PD. Namba hiyo ni yuniti za kimeng'enya kwa kila gramu ya himoglobini: kwenye kifaa hicho 4.0 kwenda chini ni upungufu, 4.1 hadi 6.0 ni kati, juu ya hapo ni kawaida. Mwishoni mwa 2024 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha kifaa cha aina hiyo kwa mara ya kwanza. Kwetu bado utakikuta zaidi kwenye vituo vya utafiti kuliko zahanati.

Nilipimwa nikiwa bado nimelazwa baada ya damu kupasuka. Jibu likasema niko sawa. Inawezekanaje?

Hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Chembe zilizopasuka ni zile nzee zilizoishiwa kimeng'enya. Zilizobaki ni changa, na uboho unamwaga nyingine changa zaidi. Ukipima wakati huo, unapima waliosalimika, na jibu linatoka zuri. Hivyo hivyo baada ya kuongezewa damu: unapima ya mchangiaji. Rudia kipimo baada ya miezi mitatu, chembe zikiwa za umri mchanganyiko, na mwombe daktari aandike kwenye faili kwa nini unarudia. Au pima jeni, pale inapowezekana. Hiyo haibadiliki na hali ya damu.

Mtoto wetu wa kiume ameonekana ana upungufu. Mimi baba nimepima, sina. Je, imetoka wapi?

Kwa mama, na si kosa lake. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, aliyopewa na mama yake. Baba humpa mwanawe wa kiume Y. Kwa hiyo baba hawezi kumrithisha mtoto wa kiume upungufu huu hata kama anao. Baba mwenye upungufu huwarithisha binti zake wote, bila kubakiza.

Mwanamke ana X mbili, na katika kila seli yake moja hunyamazishwa mapema kabla ya kuzaliwa. Akirithi X moja yenye kasoro, damu yake inakuwa ya mchanganyiko: chembe nyingine zina kimeng'enya kamili, nyingine hazina. Ernest Beutler alilionyesha hilo mwaka 1962 kwa kutumia damu ya wanawake wa aina hii. Uwiano hutofautiana sana. Mmoja anaweza kuwa na 80%, dada yake 35%. Kijiti kitawaambia wote wawili kuwa wako sawa, ilhali huyo wa 35% akipewa tafenokwini atapoteza damu nyingi.

Mtoto mchanga amekuwa wa njano siku ya pili. Bibi anasema tumwanike juani.

Bibi amelea wengi na asidharauliwe, ila jua la asubuhi halitoshi kwa umanjano unaopanda haraka. Wachanga wengi hupata njano kidogo inayoisha yenyewe. Kwa mwenye upungufu wa G6PD inaweza kupanda ghafla, bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na chembe zilizopasuka, ikavuka kwenda kwenye ubongo, na madhara yake hayarudi nyuma: uziwi, viungo kukakamaa, au kifo. Njano ndani ya saa 24 za kwanza, njano iliyofika miguuni, mtoto anayelala mno au asiyenyonya: hospitali, siku hiyohiyo. Matibabu yake ni taa maalumu za bluu, na ikizidi, kubadilishiwa damu.

Kuna mambo mawili ya nyumbani. Vile vidonge vyeupe vinavyonuka, vya kufukuza mende na nondo kwenye sanduku la nguo, kama ni vya nafthalini hupasua damu ya mtoto mwenye upungufu. Harufu iliyoshika kwenye nguo na blanketi inatosha. Nguo za kaka mtu zilizohifadhiwa hivyo zifuliwe na kuanikwa vya kutosha, au ziachwe kabisa. La pili ni hina. Kwa mama haina neno kubwa, lakini kumpaka mtoto mchanga mwili au miguu kumeleta upotevu mkubwa wa damu kwa watoto wenye upungufu, na visa vya Ghuba vimeandikwa kwenye majarida ya kitabibu. Rangi ya hina hupenya ngozi laini. Msubirini akue.

Niache maharage?

Yetu ya kila siku, hapana. Wala kunde, choroko, njegere au mbaazi. Yanayokatazwa ni maharage ya fava, yale ya Waarabu wanayopikia ful, makubwa na mapana. Yana visini na konvisini, ambazo ndizo huchokoza damu, hasa kwa aina ya Mediterania na hasa kwa watoto. Aliye Maskati au Dubai anayaona kila asubuhi mezani. Aliye Tabora huenda asiyaone maisha yake yote.

Ni kweli upungufu huu unakinga na malaria?

Ni kweli kwa sehemu. Ramani ya upungufu na ramani ya malaria zinafanana mno kuwa bahati. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na aliyeonyesha uhusiano wa selimundu na malaria mwaka 1954, alipima pia G6PD ya watu wa Afrika Mashariki, na mwaka 1961 yeye na David Clyde wakaripoti kuwa watoto wa Tanganyika wenye upungufu walikuwa na vimelea vichache zaidi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka Ibadan mwaka 1969. Lucio Luzzatto, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kufundisha Muhimbili, alichukua damu ya wanawake wenye chembe za mchanganyiko waliokuwa na malaria. Mtu mmoja, homa moja, chembe za aina mbili bega kwa bega. Vimelea vilikuwa vingi zaidi kwenye chembe zenye kimeng'enya kamili.

Tafiti kubwa za baadaye zimeleta mabishano: nyingine zimeona kinga kwa wasichana wenye mchanganyiko lakini si kwa wavulana, nyingine zimeona malaria ya ubongo ikipungua huku upungufu mkali wa damu ukiongezeka. Vyovyote iwavyo, lala kwenye neti.

Nitajuaje kuwa damu inapasuka?

Kwa kawaida ni siku ya pili au ya tatu baada ya kichokozi. Mkojo huwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, macho yanakuwa ya njano, viganja vinapauka, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi. Acha dawa inayoshukiwa, kunywa maji, nenda hospitali na upimwe himoglobini na kazi ya figo. Kwa aina ya A- kiasi cha damu huanza kupanda tena ndani ya wiki moja au mbili, kwa sababu chembe nzee zimekwisha.

Nimedhurika na dawa. Nimwambie nani zaidi ya daktari?

Toa taarifa kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako: Tanzania Bara ni TMDA, Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Mfamasia au muuguzi anaweza kukujazia fomu. Taarifa hizo hukusanywa pamoja na za nchi nyingine kwenye hifadhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoko Uppsala, Sweden, na ndizo hufichua madhara ambayo majaribio ya dawa hayakuyaona.

Andika jina la dawa, namba ya toleo iliyo kwenye pakiti, dozi uliyomeza, tarehe ya kuanza, tarehe mkojo ulipobadilika, homa uliyokuwa nayo kabla ya kumeza, na jibu la G6PD lenye namba na tarehe ya kupimwa. Kama karatasi la vidonge bado unalo, lichukue uende nalo.